Duboisi wangu amepigwa hadi magamba yametoka. Namuuguza vipi?

Mwana_Ujiji · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naandika haraka maana samaki yuko kwenye ndoo hapa pembeni yangu na sijui kama nilichofanya ni sawa.

Nina tangi la lita 375 sebuleni, niko Tabata, Dar. Ndani wamo duboisi 14, wale wa kwetu Kigoma, weusi wenye kichwa cha buluu na mkanda mweupe ubavuni. Huu ni mwaka wa tatu ninao. Leo asubuhi nikaamua kulisafisha tangi kikweli: nikatoa mawe yote, nikayasugua, nikayarudisha kwa mpangilio mwingine. Halafu nikaenda msibani. Nimerudi saa 1 usiku, nakuta mmoja amejibana kona ya juu nyuma ya hita, anahema kwa shida, dume kubwa linamsubiri chini.

Ubavu wa kushoto, nyuma ya pezi la kifuani, magamba yametoka eneo la ukubwa wa ukucha wa dole gumba, nyama nyekundu inaonekana. Mkia umechanika sehemu tatu. Jicho la kushoto limeingia ukungu mweupe. Ana urefu wa sentimita 9 hivi. Binti yangu wa miaka 7 ndiye aliyempa jina, anamwita Bangwe kwa ule ufukwe wa nyumbani, na amelala huku analia.

Nimemchota kwa jagi nikamweka kwenye ndoo ya lita 20, maji ya tangi lenyewe, nimemwekea pampu ya hewa. Nyumbani nina GV na kapsuli za tetrasaiklini. Jirani anasema nimpake GV kwenye kidonda kama tunavyompaka mtoto. Nimpake?

---

Nyakato_Samaki · Jumamosi, saa 3:58 usiku

Mkuu, weka hiyo GV chini kwanza. Usimpake.

GV ni rangi, na samaki akiwa ndani ya maji huipokea mwili mzima kupitia matamvua, kidonda ni sehemu ndogo tu ya anachokipata. Inamdhuru, na inakaa mwilini muda mrefu. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya na Marekani hawairuhusu kabisa kwa samaki wa kuliwa. Najua wako si wa kula, lakini sumu ni sumu.

Tetrasaiklini nayo iache. Nafuga sato na kambale hapa Mwanza, na nimeona watu wakimwaga kapsuli bwawani kama wanamwaga sukari kwenye chai. Dawa hii hushikana na kalsiamu na magnesiamu. Maji ya duboisi ni maji magumu, bila shaka umeyatengeneza yafanane na ya Ziwa Tanganyika, ambalo lina magnesiamu nyingi. Kwa hiyo dawa itafungwa na madini kabla samaki hajaipata, halafu kinachobaki kitawafundisha bakteria kuizoea.

Kumchota kwa jagi umefanya vizuri sana. Wavu mkavu ungemvua ute, na ute ndio ngozi ya nje ya samaki, ndio unaozuia fangasi. Ukilazimika kumshika, lowesha mikono kwanza.

Usiku huu fanya mambo machache tu. Zima taa ya sebuleni au funika ndoo na khanga ukiacha upenyo wa hewa. Usimpe chakula. Pampu iendelee. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika kadhaa.

Chumvi unayo?

---

Mwana_Ujiji · Jumamosi, saa 4:05 usiku

Ninayo chumvi ya mezani ya paketi, na chumvi ya mawe mama aliniletea kutoka Uvinza. Lakini chumvi kwenye kidonda jamani, si nitamuunguza?

---

Nyakato_Samaki · Jumamosi, saa 4:31 usiku

Swali zuri, na ndilo wengi huliogopa, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi kama gramu 8 au 9 kwa lita. Maji anamoishi yana kidogo sana. Kwa hiyo saa 24 maji yanalazimisha kuingia mwilini mwake kupitia matamvua na ngozi, na chumvi yake inatoroka kwenda nje. Samaki mzima anapambana na hali hiyo kwa kukojoa mkojo mwingi mwepesi na kwa kuvuta chumvi kutoka majini kwa matamvua. Ni kazi inayokula nguvu kila dakika.

Sasa huyu wako ametobolewa ukuta. Pale magamba yalipotoka hakuna kizuizi, maji yanaingia na chumvi inatoka. Nguvu ambazo angetumia kuziba kidonda anazitumia kujikamua maji. Ukiweka chumvi kidogo kwenye ndoo, unapunguza ile tofauti kati ya ndani na nje, naye anapumzika. Gramu 2 kwa lita ni nyepesi mno kuliko damu yake mwenyewe, haiwezi kumuunguza. Pia fangasi wengi wa majini hawaipendi.

Ndoo yako ina lita 18 hivi za maji? Basi ni gramu 36. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini kina kama gramu 6, kwa hiyo vijiko sita. Iyeyushe pembeni kwenye kikombe cha maji ya tangi, uimimine kwa awamu tatu, nusu saa kati ya awamu na awamu. Usimwage punje ndani ya ndoo, zitamwangukia.

Hiyo ya Uvinza itumie bila wasiwasi ikiwa ni safi, ila pima kwa mizani ya jikoni, maana punje kubwa hazijazi kijiko sawasawa. Pale Uvinza watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na samaki wako ni wa mkoa huohuo. Nimefurahi kusikia.

---

Ziwani_Uvira · Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa, ndugu. Niko Uvira, upande wa Kongo. Duboisi tunao pia, wa kule Bemba. Jina lake la kitaalamu, Tropheus duboisi, alipewa mwaka 1959 na Georges Marlier, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi hapa Uvira.

Nataka kusema neno moja juu ya chanzo. Hukuwapiga wewe, lakini uliwavunjia mtaa. Huku ziwani duboisi hakai kwa kundi kubwa kama ndugu zake wengine. Yuko chini zaidi, kwenye miamba, mara nyingi peke yake au wawili. Akipigwa na mwenzake, anaogelea mita tano na ugomvi umekwisha. Kwenye tangi hana mita tano. Kwa hiyo kila mmoja anajua jiwe lake na mpaka wake, na amani yote inakaa juu ya hayo mawe. Ulipoyapanga upya, wote 14 walianza kugombea viwanja siku moja.

Na jambo la pili, hili lifikirie tangu leo: usimweke mbali na wenzake muda mrefu. Akikaa wiki mbili kwenye ndoo, siku ya kurudi watampokea kama mgeni, na mgeni kwa hawa samaki hupigwa hadi kufa. Nimeona kwa macho yangu.

---

Mwana_Ujiji · Jumapili, saa 2:20 asubuhi

Nashukuru sana wakuu wote. Chumvi nimeweka kama ulivyoelekeza mkuu Nyakato. Amelala salama. Asubuhi hii ameshuka chini ya ndoo, amesimama wima, mapezi bado ameyabana. Rangi imerudi kidogo.

Ndugu wa Uvira, maneno yako yameniuma lakini ni kweli tupu. Mama anasema nimpe kiini cha yai apate nguvu. Je?

---

Ziwani_Uvira · Jumapili, saa 2:44 asubuhi

Hapana, mwambie mama asante, lakini yai asipewe. Duboisi anakula mwani wa juu ya miamba, utumbo wake ni mrefu wa kusaga majani. Akiwa na hofu, halafu ukampa yai au nyama ya kusaga, tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, anaacha kula, na huo ugonjwa humaliza kundi zima. Siku mbili za kwanza asile kitu. Siku ya tatu mpe punje chache za chakula cha spirulina, yaani cha mwani, au kipande cha mchicha uliochemshwa kidogo.

---

Likoni_K · Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Hamjambo. Nami niongeze la huku pwani. Mkungu mnaujua? Ule mti wa kivuli wenye majani mapana, matunda yake watoto huyapasua kula kungu. Majani yake makavu yaliyodondoka yenyewe, ya rangi ya kahawia, huwekwa majini kwa samaki wagonjwa. Yanatoa rangi kama ya chai, na yale maji huzuia fangasi kiasi. Wafugaji wa samaki wa mapambo Asia wanayatumia tangu zamani na wengine huyauza, sisi tunayafagia kila asubuhi.

Okota mti ulio mbali na barabara kuu, osha vumbi, loweka kwenye maji ya moto dakika kumi, mwaga hayo maji, kisha weka jani moja kwenye ndoo. Mimi siyaiti dawa ya kidonda. Ni kumpa mazingira tulivu, mwanga unapungua naye hofu inamtoka.

---

Mwana_Ujiji · Jumatatu, saa 2:00 usiku

Mrejesho. Nimeweka jani moja la mkungu, maji yamekuwa ya kahawia nyepesi. Kidonda hakitoi tena damu, juu yake kuna utando mwembamba unaong'aa, sijui ni ukungu au ni ngozi. Sijampa chakula.

---

Nyakato_Samaki · Jumatatu, saa 2:35 usiku

Kama ni laini, unang'aa na umelala bapa, hiyo ni ngozi. Samaki hana kigaga kama sisi. Chembe za ngozi za pembeni ya kidonda huanza kuteleza kuelekea katikati ndani ya saa chache tu, zinatandaza blanketi jembamba juu ya nyama. Kwa maji ya joto la nyuzi 26 jambo hilo linafanyika haraka. Hilo blanketi ni jepesi mno, ukimshika leo utaling'oa. Muache.

Nyama chini yake itachukua wiki kadhaa, magamba zaidi. Mkia utaota tena kama shina la pezi halijaliwa, yaani pale mifupa midogo ya pezi inapoanzia. Nijibu hilo: umechanika hadi kwenye mwili, au nje tu?

---

Mwana_Ujiji · Jumatatu, saa 2:41 usiku

Nje tu. Mpasuko mrefu umeishia kama nusu sentimita kabla ya mwili.

---

Nyakato_Samaki · Jumatatu, saa 2:43 usiku

Basi utaota. Jicho ni moja tu lenye ukungu?

---

Mwana_Ujiji · Jumatatu, saa 2:44 usiku

Moja. La kulia safi kabisa.

---

Nyakato_Samaki · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Vizuri. Jicho moja mara nyingi ni kipigo, yote mawili mara nyingi ni maji mabaya. Hakuna cha kuweka kwenye jicho. Tusubiri.

---

Mwana_Ujiji · Jumanne, saa 5:25 usiku

Wakuu yeyote aliye macho anisaidie. Hali imebadilika. Jioni nilimpa punje nne za spirulina akala mbili, nikafurahi sana, nikamwita binti akaona. Sasa nimekuja kumwangalia kabla ya kulala, yuko juu ya maji, anahema haraka haraka, matamvua mekundu, analala upande halafu anajirekebisha. Kidonda hakijabadilika. Nimekaa hapa sakafuni naona kama namuua mwenyewe.

Kama hakuna matumaini niambieni ukweli. Sitaki ateseke.

---

Karafuu_Wete · Jumanne, saa 5:33 usiku

Kaka, pole sana. Umeuliza kweli nami nitakujibu kweli, kisha nitakwambia kwa nini sidhani umefika huko.

Huku Pemba tunayo mafuta ya karafuu, na ndani yake kuna kitu kinachomlaza samaki usingizi. Madaktari wa mifugo na watafiti wa samaki hukitumia kama nusukaputi, na kikizidishwa samaki haamki. Matone machache hutikiswa na maji ya vuguvugu kwenye chupa hadi yawe meupe kama tui, maana mafuta hayachanganyiki yenyewe, kisha humiminwa taratibu hadi alale, na baadaye huzidishwa. Akishaacha kupumua anaachwa humo dakika nyingine kumi au zaidi. Ni bora mara elfu kuliko kumtupa chooni au kumweka kwenye friji akiwa hai.

Lakini hilo ni la samaki aliyevimba mwili mzima hadi magamba yamesimama, au aliyekaa chali siku kadhaa. Wako amekula leo jioni! Samaki anayekufa hatafuti chakula. Kuna kitu kimetokea baina ya jioni na sasa. Maji ya ndoo umeyabadilisha lini?

---

Mwana_Ujiji · Jumanne, saa 5:36 usiku

Sijabadilisha tangu Jumamosi. Niliona masafi, na hakula, nikadhani hakuna uchafu.

---

Nyakato_Samaki · Jumanne, saa 5:39 usiku

Hapo hapo. Badilisha sasa hivi, usisome kingine. Toa nusu ya maji kwa jagi, weka maji kutoka tangi kubwa, yaleyale, joto lilelile. Mimina taratibu kwa pembeni. Ukimaliza uje nikueleze.

---

Mwana_Ujiji · Jumanne, saa 6:02 usiku

Nimebadilisha. Nilipima yale ya zamani kwa kipimo cha matone: amonia 0.5. pH 8.8.

---

Nyakato_Samaki · Jumanne, saa 6:20 usiku

Kosa ni langu, nilipaswa kukwambia siku ya kwanza, nisamehe. Mimi mabwawa yangu ni makubwa, nikasahau udogo wa ndoo.

Samaki hata asipokula anatoa amonia, na nyingi haitoki kwenye kinyesi, inatokea kwenye matamvua. Macho hayaioni. Kwenye tangi kubwa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye mawe, wanaibadilisha kuwa nitriti, kisha naitreti. Ndoo haina hao.

Na sikiliza hili, maana ni la samaki wa Tanganyika hasa. Amonia majini ipo ya aina mbili, moja kali na moja isiyo kali, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ndiyo inayogawa. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, iliyo kali haifiki hata asilimia 1. pH 8 ni kama asilimia 5. pH 9 ni kama asilimia 36. Wewe uko 8.8, yaani zaidi ya robo ya ile 0.5 ni sumu kamili. Mwenye samaki wa maji laini wa Amazon angeona namba hiyohiyo na samaki wake asitikisike. Wako anaungua matamvua.

Badilisha nusu nyingine baada ya saa moja. Chumvi uliyoitoa irudishe kwa hesabu: ukitoa lita 9, rudisha gramu 18, iliyoyeyushwa.

---

Mwana_Ujiji · Jumatano, saa 12:10 asubuhi

Sikulala. Nilibadilisha mara mbili. Saa 10 alfajiri alishuka chini, anahema kawaida. Binti ameamka, amekuja moja kwa moja kwenye ndoo na amemkuta mzima. Siwezi kuwaeleza.

---

Ziwani_Uvira · Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Mungu ni mwema. Sasa ndugu, mtoe kwenye ndoo. Nitakupa njia ninayoitumia.

Nunua kikapu cha plastiki cha matundu, kile cha kuwekea nguo au matunda, matundu madogo kuliko kichwa chake. Kifunge kwenye ukingo wa tangi kubwa, kielee, nusu ndani ya maji, na kifunike juu asiruke. Mweke humo. Anapata maji ya lita 375 yenye filta iliyokomaa, na wenzake wanamwona, wanamnusa, hawamsahau. Lile dume linaweza kuja kugonga plastiki, liache ligonge.

Usimhamishe ghafla kutoka kwenye chumvi. Kwa saa moja uwe unaongeza kikombe cha maji ya tangi kwenye ndoo, kikombe kwa kikombe.

---

Mwana_Ujiji · Alhamisi, saa 1:50 usiku

Kikapu nimepata Buguruni, shilingi 3,500. Bangwe yuko ndani tangu jana mchana. Amekula.

Ila leo ukingo wa kidonda una kitu cheupe, kama nyuzi za pamba, urefu wa milimita mbili. Picha yangu haioneshi vizuri. Nipandishe joto?

---

Nyakato_Samaki · Alhamisi, saa 2:15 usiku

Joto usiguse. Kuna vitu viwili vinavyofanana hapa na joto ndilo linaloviachanisha kwa hasara.

Cha kwanza ni fangasi wa kweli. Anasimama kama pamba iliyochambuliwa, nyuzi unaziona zikiyumba majini. Anakula nyama iliyokwisha kufa, na kwa kawaida anakwenda polepole. Cha pili ni bakteria anayejifanya fangasi: amelala bapa, wa kijivu au manjano, mara nyingi mgongoni kama tandiko la punda au mdomoni, na anaweza kumaliza samaki kwa siku moja au mbili. Huyo wa pili akipata joto anakimbia zaidi. Kwa hiyo anayepandisha hita bila kujua ni yupi anacheza pata potea.

Nyuzi zinazoyumba, ukingoni mwa kidonda tu, samaki anakula: mimi nasema fangasi. Mpe bafu la chumvi. Ndoo, maji ya tangi lita 10, chumvi gramu 100 iliyoyeyuka yote, pampu ya hewa ikifanya kazi. Dakika 10, ukiwa umemkazia macho muda wote. Akipoteza mhimili kabla ya hapo, mtoe papo hapo. Kesho rudia. Keshokutwa rudia. Usimsugue kwa kitambaa, kuna mtu atakuja kukushauri hivyo.

---

Likoni_K · Alhamisi, saa 2:40 usiku

Naomba na mshubiri usitiwe, maana najua utashauriwa. Ule utomvu wa manjano chini ya ganda ni mkali.

---

Mwana_Ujiji · Jumapili, saa 11:00 jioni

Mabafu matatu yameisha. La kwanza alilala upande dakika ya saba, nikamtoa. La pili na la tatu alimaliza kumi. Jana zile nyuzi zilikuwa zimesinyaa, leo hazipo. Kidonda sasa ni cha rangi ya waridi, ukingo umeingia ndani, kimepungua kama theluthi. Kwenye mpasuko wa mkia kuna utando mwembamba usio na rangi unaounganisha vipande. Mkuu Nyakato, ndiyo kuota kwenyewe?

---

Nyakato_Samaki · Jumapili, saa 12:25 jioni

Ndiyo kwenyewe. Huanza bila rangi, weusi unafuata baadaye. Endelea kubadilisha theluthi ya maji ya tangi kubwa mara mbili kwa wiki, maji ya bomba uyatoe klorini kwanza.

---

Karafuu_Wete · Jumapili, saa 2:05 usiku

Alhamdulillah. Mwambie binti kuna shangazi yake Wete anamwombea Bangwe.

---

Mwana_Ujiji · wiki ya tatu, Jumatatu, saa 3:00 usiku

Nimekuwa kimya kwa sababu hakukuwa na jipya, alikuwa anakula na kupona tu. Kidonda kimefungwa chote, hakina magamba bado, kuna kiraka cha kijivu. Ndugu wa Uvira, nataka kumtoa kwenye kikapu. Naogopa.

---

Ziwani_Uvira · wiki ya tatu, Jumanne, saa 1:00 asubuhi

Unaogopa mtu sahihi. Kwa hiyo anza na yeye, lile dume.

Kesho mkamate dume, yeye ndiye aingie kikapuni, siku tatu. Bangwe mtoe usiku huohuo, taa zikiwa zimezimwa, baada ya kusogeza mawe. Safari hii kusogeza mawe ni kwa makusudi: kila mmoja aamke asubuhi akiwa mgeni, pasiwe na mwenyeji wa kumfukuza mwingine. Asubuhi wape mchicha pembe mbili za tangi kabla hujawasha taa. Siku ya nne dume anarudi, naye ndiye atakayelazimika kutafuta nafasi.

Siku hizo tatu ukae nyumbani ukiweza.

---

Mwana_Ujiji · wiki ya tatu, Jumapili, saa 10:30 jioni

Wakuu. Bangwe yuko nje siku ya nne leo. Siku ya kwanza majike wawili walimfukuza mara kadhaa, hakuna aliyemgusa. Dume nimemrudisha jana usiku. Leo asubuhi alizunguka tangi zima, akamkaribia Bangwe, wakatikisana mapezi, kila mmoja akaenda zake. Dume sasa anakaa chini ya jiwe dogo la kushoto, pale ambapo zamani hakutaka kukanyaga.

Jicho halijasafika lote. Kuna ukungu mdogo katikati, nadhani ataona kwa shida upande huo. Ukimletea chakula kushoto anakikosa, kwa hiyo binti amejifunza kukidondosha upande wa kulia. Sasa hivi ninavyoandika yuko kwenye jiwe refu la katikati, anakwangua mwani kichwa chini, mkia mzima juu, pale ulipounganika pana mistari mitatu iliyofifia.

---

mgeni_Mbagala · wiki ya nne, Jumatano, saa 4:15 asubuhi

Samahani kuingilia uzi wa watu. Nimeusoma wote. Mimi nina samaki wa dhahabu, amenaswa kwenye mdomo wa filta usiku, pezi la pembeni limechanika na magamba kama sita yametoka. Nimemtoa nimemweka kwenye beseni. Nyumbani nina GV.

---

Mwana_Ujiji · wiki ya nne, Jumatano, saa 4:19 asubuhi

Karibu sana, na pole. GV iache. Zima taa, mwekee hewa, usimlishe leo. Samaki wa dhahabu anachafua maji kuliko wangu, kwa hiyo hilo beseni litakuwa na amonia kabla ya kesho. Niambie vitu viwili nikupigie hesabu ya chumvi: beseni lina lita ngapi, na maji uliyoweka umeyatoa kwenye tangi lake au bombani?